Kulinganisha uagizaji wa vibanzi vya mbao: Ufini na Denmark

Vibanzi vya mbao ni mti uliokatwakatwa kwa mashine kuwa vipande vya sentimita chache. Viwanda vya karatasi huvipika kupata nyuzi, na mitambo ya joto huvichoma ili kupasha maji yanayopita kwenye mabomba hadi majumbani. Kwenye forodha vina namba zake: 4401.21 kwa miti ya jamii ya misonobari na 4401.22 kwa miti mingine. Kulinganisha uagizaji wa nchi mbili ni kuziweka takwimu za namba hizo sambamba, mwaka kwa mwaka, kisha kuuliza kwa nini mstari mmoja unapanda na mwingine unashuka. Uzito wa kazi uko kwenye swali hilo la mwisho, na wengi huliruka.

Chukua Ufini na Denmark, nchi ambazo idadi ya watu wao haipishani sana. Misitu imefunika kama robo tatu ya ardhi ya Ufini, ilhali Denmark haifiki hata asilimia 20. Ungetegemea muagizaji awe Denmark peke yake. Lakini Ufini nayo iliagiza kwa wingi miaka mingi, kwa kuwa inapakana na Urusi kwa zaidi ya kilomita 1,300 na malighafi ya ng'ambo ya mpaka ilikuwa karibu na ya bei nafuu. Uagizaji wa Denmark umetokana na sera. Makaa ya mawe na gesi ya kupasha joto hutozwa kodi, kuni na vibanzi vimesamehewa, na takriban theluthi mbili ya nyumba hupata joto kutoka kwenye mabomba ya mtaa. Huko Copenhagen, kwenye mtambo wa Amagerværket, kitengo kipya cha vibanzi kilichukua nafasi ya kile cha makaa.

Ndipo ukaja mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine, mwezi Machi Moscow ilizuia vibanzi kwenda nchi ilizoziita zisizo rafiki, na Aprili Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku mbao za Urusi. Mstari wa Ufini ulianguka. Anayeusoma peke yake anaweza kusema Wafini wameacha kutumia vibanzi, na hapo atakuwa amekosea kabisa: mahitaji yalibaki, ila mti ulilazimika kutafutwa kwingine, ndani ya nchi na kwenye nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania), ambako Denmark nayo hununua.

Kipimo nacho huwapotosha wengi. Mita moja ya ujazo ya mti mzima ikikatwakatwa hujaza takriban mita za ujazo 2.5 za vibanzi vilivyolegea, na karibu nusu ya uzito wa vibanzi vibichi inaweza kuwa maji. Tani kwa tani si nishati kwa nishati. Ukilinganisha kwa euro, bei ikipanda utaona ongezeko hata kama mzigo umepungua. Mimi ningeanza na mita za ujazo wa mti mzima kila zinapopatikana.

Tena, gogo likivuka mpaka likiwa zima na kukatwakatwa Ufini, halihesabiwi kama kibanzi kilichoagizwa. Urusi ilipopandisha ushuru wa magogo hadi asilimia 25 mwaka 2008, hesabu ya biashara ya mti kati ya nchi hizo ilibadilika, kwa hiyo takwimu za magogo zisomwe pamoja na za vibanzi.

Hata namna ya kuhesabu haifanani. Mzigo wa Urusi kwenda Ufini ulipita forodhani na kuandikwa wote. Mzigo wa Latvia kwenda Denmark, tangu Latvia ijiunge na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, huripotiwa na kampuni zenyewe, na zile zilizo chini ya kiwango fulani cha biashara hazilazimiki kuripoti. Mruko wowote unaouona kwenye mstari wa Denmark mwaka 2004 uchunguze kwanza kama umetokana na mti au na fomu.