Ucheleweshaji wa Aina Tatu: Maana Yake katika Afya ya Mama

Katika afya ya uzazi, ucheleweshaji wa aina tatu ni dhana inayoeleza kwa nini mwanamke anaweza kufariki kwa tatizo la ujauzito au la kujifungua ambalo tiba yake inajulikana. Dhana hii ilifafanuliwa mwaka 1994 na watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliotofautisha kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Kuchelewa kwa kwanza ndiko kunakostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa hutokea nyumbani, mbali na macho ya wahudumu. Mjamzito anaumwa kichwa kisichotulia, macho yanaona ukungu na uso umevimba. Akiambiwa kwamba huo ni uchovu wa mimba tu, atajilaza, ilhali hizo ni dalili za shinikizo la damu linaloweza kuleta kifafa cha mimba. Elimu ya afya ingemwokoa, lakini haitoshi kumpa yeye peke yake. Hata aliyezijua dalili zote za hatari hukwama iwapo ruhusa ya kutoka na pesa za nauli zimo mikononi mwa mume au mama mkwe ambaye hakuwahi kufundishwa lolote. Mafunzo yanayowaacha nje wenye kauli nyumbani, kwa maoni yangu, ni nusu ya mafunzo.

Kuchelewa kwa pili hutokana na umbali, ubovu wa barabara na gharama za usafiri.

Kuchelewa kwa tatu huuma zaidi, maana mgonjwa amekwisha kufika. Oksitosini, dawa inayosaidia mfuko wa uzazi kujikaza ili damu ipungue baada ya kujifungua, hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Jokofu likikaa muda mrefu bila umeme, dawa hupoteza nguvu ingawa kichupa chake kinaonekana vilevile. Kwa mama anayevuja damu, ambaye anaweza kufariki ndani ya saa chache, hilo si jambo dogo.

Tena, kuchelewa huku kwa aina tatu hushikana. Mwanamke aliyefokewa leba hurudi nyumbani na habari hiyo, na mimba inayofuata, yeye na jirani zake husita zaidi kabla ya kuondoka.