Kuhisi kuguswa si kuhisi maumivu

"Daktari, ongeza dawa, bado nahisi!" Nimechoka kuisikia. Karibu kila anayelala mezani kwa tohara au kufunga mirija ya mbegu za kiume huamini kwamba ganzi ikishika, sehemu za siri zitakuwa kama hazipo. Hapana. Lidokeini, dawa ya ganzi tunayochoma, huziba njia za sodiamu zinazopitisha ishara kwenye neva, na nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu hulala mapema kuliko zile nene za mguso na mgandamizo. Kwa hiyo utahisi mkono wangu. Utahisi ngozi ikivutwa, na korodani zikivutwa unaweza kuhisi mvuto hadi tumboni. Hilo ni la kawaida. Ninapobana ngozi kwa koleo sikuulizi kama unahisi, nakuuliza kama inauma. Ikiuma, sema, nami sitakata. Isipouma, tuendelee, tafadhali.

Kuhusu hilo la kuongeza: dawa hii ina kikomo. Lidokeini isiyochanganywa na adrenalini (dawa ya kubana mishipa ya damu) naihesabu miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 anaishia miligramu 180, ambazo ni mililita 18 za dawa ya asilimia 1, au 9 tu za asilimia 2. Ikizidi na kuingia kwenye damu, midomo hufa ganzi, masikio huvuma, na mbele ya hapo kuna degedege na moyo kuyumba. Mara nyingi kinachokosekana ni dakika 5 za kusubiri tu. Wahudumu wenzangu wenye haraka, nanyi nawasema.

Eti sindano kwenye shina la uume inaua nguvu za kiume? Neva tunazozilaza hapo ni za hisi za ngozi. Zinazosimamisha uume zinapita ndani zaidi, na hata hizo za ngozi huamka baada ya saa chache.

"Mwili wangu unakataa ganzi, niliwahi kuzimia." Ulizimia kwa hofu. Aleji ya kweli ya lidokeini ni nadra sana. Kama ulivimba uso au kubanwa pumzi, hiyo ni habari nyingine, niambie kabla sijavuta dawa. Wengine wote: kuleni kwanza (kwa ganzi ya sehemu hakuna haja ya kufunga), laleni chali, na msiitazame sindano.

Na parasetamoli imezwe ganzi ikiwa bado ipo, si baada ya maumivu kuanza.