Anayeunga mkono sheria na kuivunja si lazima awe mnafiki

Kila mjadala wa usalama barabarani huishia hapo: "Wakenya ni wanafiki, wanataka sheria ya mikanda na wenyewe hawafungi." Neno hilo limewekwa pasipo pake.

Mnafiki ni anayedhihirisha asichokiamini. Kinachopingana kwake ni ulimi na moyo. Ulimi na mkono ni habari nyingine.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, mzizi mmoja na nafaq, yaani handaki. Wanakamusi wa kale walilihusisha na shimo la panya wa jangwani, yule mwenye miguu mirefu ya kurukia. Shimo lake lina mlango wa wazi na mlango wa pili, nafiqaa, anaouchimba kutoka ndani hadi karibu na uso wa ardhi, akabakiza tabaka jembamba la udongo. Ukisimama juu huoni kitu. Adui akimjia kwa mlango wa wazi, panya huusukuma ule udongo kwa kichwa akatokea upande wa pili. Kiini cha unafiki ndicho hicho: mlango uliofichwa.

Aliyeikubali sheria kisha akaivunja, fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ina jina lake: fasiki. Kiswahili cha leo kimelibana neno hilo kwenye uasherati, lakini asili yake ni tende iliyochomoza nje ya ganda. Imevuka mpaka waziwazi, haikuficha kitu.

Sasa panda matatu. Kanuni za Michuki, zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa Kenya wa wakati huo, John Michuki, na kuanza kutumika Februari 2004, zilidai mkanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Abiria wengi walizipokea kwa mikono miwili, na hawakudanganya: kwa mwendo huo gari hukata mita 22 kila sekunde, na kila mtu anataka dereva abanwe. Ila mkanda una vumbi, kifungio hakishiki, safari ni ya steji mbili, jirani naye hajafunga. Basi hafungi. Ni uzembe, na ni kosa kisheria. Uongo haumo.

Ngoja makanga aseme, "Fungeni mikanda, kuna polisi mbele!" Abiria yule yule anauvuta mkanda hadi kifuani, anaushika kwa mkono bila kuuchomeka, na wakishapita kizuizi anauachia. Kitendo hicho ukikiita unafiki, umepatia. Alichosema kuhusu sheria kiache, alikisema kwa dhati.