Bei Iliyoandikwa Kwenye Pakiti Si Sheria

Jumamosi iliyopita nimesimama duka moja hapa Mlaleo, Mombasa, nangoja maziwa, mbele yangu mama wa makamo ameshika chupa ya soda, pembeni imepigwa chapa shilingi 60, kijana wa duka anamwambia ni 70. Mama akawaka. "Hii ni bei ya serikali, imeandikwa hapa na bado wataka kuniibia, nitakupeleka mbele!" Laini yote ikawa upande wake. Jirani mmoja akanitambua, akasema muulizeni huyu dada, kazi yake ni mambo ya bei. Mama akanigeukia, "Haya mwanangu, mwambie." Nikamwambia ukweli, kwamba hiyo 60 serikali haiijui, na huyu kijana kuuza 70 hajavunja sheria yoyote. Wallahi walinitazama kama nimehongwa.

Ni mara ya tatu mwezi huu na mie nshachoka kueleza nikiwa nimesimama. Nilianza kama baiya, yaani mnunuzi wa mizigo, wa supamaketi hapa mjini, siku hizi nawapigia hesabu watu wa jumla kwenye masoko ya Kongowea na Mwembe Tayari, yaani mzigo umeingia kwa ngapi, umekula ngapi njiani, utoke kwa ngapi. Na kila siku nasikia hayohayo, ati serikali imeshapanga bei ya kila kilicho dukani na anayezidisha ni mwizi, ati bei zikipanda ni kwa sababu serikali haijataka tu kutangaza, ikitangaza kesho asubuhi zinashuka.

Imani yenyewe naielewa ilikotoka. Ami yangu alikuwa na duka Majengo, nakumbuka nikiwa mdogo karatasi ya bei imebandikwa ukutani juu ya mizani, sukari, unga, chumvi, mafuta ya kupikia, na inspekta wa bei akiingia hata sisi watoto tulikuwa tunanyamaza. Hiyo ilikuwa sheria ya kudhibiti bei, Sura ya 504, ya tangu enzi za mkoloni. 1988 ikatungwa nyingine mahali pake, miaka ya tisini bei zikaachiliwa moja baada ya nyingine, petroli nayo ikaachiliwa 1994, kisha 2010 ikaja Sheria ya Ushindani ambayo kazi yake si kumpangia mtu bei ya sukari. Ndiyo, kuna sheria ya 2011 ya bidhaa muhimu, inampa Waziri uwezo wa kutangaza kwenye gazeti rasmi kwamba bidhaa fulani isiuzwe zaidi ya kiasi fulani. Lakini mpaka atangaze hakuna kikomo, na soda hakuna aliyeitangaza.

Sasa hiyo namba kwenye chupa. Hiyo imewekwa na kiwanda. Ni pendekezo. Na Sheria ya Ushindani inalizungumzia hili waziwazi, kwamba mwenye kiwanda anaruhusiwa kupendekeza bei ya dukani, bora amwambie mwenye duka kwamba halazimiki kuifuata, na akiichapa kwenye bidhaa basi pembeni yake aandike kwamba ni bei iliyopendekezwa. Unaona inavyokwenda? Sheria inamlinda mwenye duka asibanwe na kiwanda. Sisi tumeigeuza juu chini tukadhani inambana mwenye duka kwa niaba yetu.

Kinachonikera ni kwamba kosa lenyewe liko hapohapo karibu na hakuna anayelipigia kelele. Kilichokatazwa na sheria hiyo ni kiwanda ama msambazaji kumwekea muuzaji bei ya chini kabisa, kumwambia usishuke hapa. Mwaka jana mteja wangu mmoja wa jumla aliamua kupunguza sabuni ya kufulia shilingi 5 kwa mche, alikuwa amepata mzigo mkubwa na alitaka pesa izunguke haraka. Siku ya tatu akapigiwa simu na msambazaji, akaambiwa rudisha bei ama mzigo unaofuata usahau. Akarudisha. Mara moja. Nilikuwa nimekaa naye mezani nikimuona anafuta 5 zake kwenye daftari kwa rula, mstari baada ya mstari. Hiyo ndiyo wizi jamani, hizo 5 zilikuwa zako wewe unayefua kwa mkono kule Mikindani, na sheria iko upande wako kabisa, lakini hujawahi kujua manake bei iliporudi ulidhani ndiyo bei ya serikali! Nilimwambia tupeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, wanaosimamia sheria hiyo, akaniuliza kesi ikichukua miezi atauza nini. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Na yule kijana wa soda? Tuseme kreti ya chupa 24 kaichukua kwa 1,200, hapo kila chupa ni 50. Kailipia tuktuk kutoka kwa stokisti, friji inakula tokeni za umeme usiku na mchana, na joto letu hili la Februari unalijua. Akiuza 60, shilingi 10 zinazobaki si zake zote, hata tano sijui kama ni zake. Akiweka 70 ni haki yake, nawe ni haki yako kuiacha ukanunue duka la pili. Kinachokatazwa ni yeye na maduka ya jirani kukaa pamoja wakakubaliana wote waweke 70. Hapo ndipo pa kushtaki, lakini laini nzima hakuna aliyeuliza hilo.

Jambo jingine ambalo ni kosa kweli na watu wanalimeza kimya ni bei ya rafu kuwa moja na ya keshia kuwa nyingine. Umeona mchele umeandikwa 380, umefika kwa keshia imetoka 410, unaambiwa ati kompyuta ndiyo ina bei mpya. Hapana. Kukuonyesha bei ya uongo ni kosa, haijalishi hiyo bei ni ya nani. Mimi nikiwa na shaka napiga picha kibandiko cha rafu kabla sijabeba, na risiti siachi. Na kuna siku serikali inaweza kumshukia muuzaji hata bila bei ya kikomo, kama Machi 2020 corona ilipoingia, supamaketi moja ilipandisha bei ya sanitaiza na Mamlaka ya Ushindani ikaiamuru irudishie wateja pesa walizozidishiwa.

Bei za serikali za kweli ziko, ila ni chache. Petroli, dizeli na mafuta ya taa, tangu mwisho wa 2010, tangazo hutoka tarehe 14 kila mwezi, siku hizi kutoka EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Gesi ya kupikia haimo! Nasema tena kwa wale wa mitungi, gesi haimo. Mombasa kwa kawaida tuko chini kuliko Nairobi na Mandera kwa sababu mafuta yanashuka hapa bandarini Kipevu, ya wengine lazima yasukumwe kwa bomba ama yabebwe na malori, na gharama hiyo imo kwenye hesabu ya bei. Ile bei ni kikomo, sheli inaruhusiwa kuuza chini yake. Lakini angalia sheli unazopita, karibu zote zimekaa palepale kwenye kikomo, moja moja tu ndiyo imeshuka shilingi ama senti. Kikomo cha juu kimegeuka kituo cha wote kushukia, na hili ndilo linaloninyima uhakika. Zamani nilikuwa nasema bila kusita kwamba petroli iachiwe. Lakini nakumbuka pia kabla ya 2010, bei ya dunia ikipanda sheli zinapandisha usiku huohuo, ikishuka unaambiwa wamalize kwanza mzigo wa zamani, na mzigo wa zamani haukuwa unaisha. Siku hizi nikiulizwa nasema kwa petroli sijui, na nasema hivyo nikiwa nimelifikiria.

Kwa unga ninajua.

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ikatangaza pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi iuzwe shilingi 100. Madukani ilikuwa imeshapita 200. Watu wakafurahi, mimi pia nina watoto. Mpango ulikuwa kwamba serikali itawalipa wasagishaji, yaani wenye viwanda vya unga, ile tofauti, wao watoe unga kwa bei ya chini. Sasa twende Mlaleo, mzee mmoja mwenye duka ambaye mimi humpigia hesabu, siku ya tangazo ana beli 14 stoo. Beli ni pakiti 12, kila pakiti kainunua 205, yaani beli moja 2,460. Asubuhi yake watu wamejaa mlangoni na noti za mia mkononi. Akiuza 100, beli inarudisha 1,200, amepoteza 1,260, zidisha mara 14, ni 17,640. Nani anamlipa hiyo? Msagishaji ana makubaliano na serikali, yeye hana makubaliano na mtu. Unga wake ulishalipiwa wiki iliyopita kwa bei ya wiki iliyopita. Alinipigia simu nikamwambia arudishe kwa jumla, jumla wakakataa, na wao zimewajaa vilevile. Mwishowe akazibeba beli usiku, yeye na mwanawe, akazipanga chumba cha nyuma nyumbani chini ya mikeka, na dukani akasema unga umekwisha.

Ukisikia habari unaambiwa wafanyabiashara wameficha unga. Ni kweli, aliuficha, nilikuwepo. Na najua kuna wengine waliuficha wakiwa na nia nyingine kabisa, wakingoja uchaguzi upite bei irudi wauze kwa faida, na ukisimama mlangoni huwezi kumtofautisha huyu na yule, rafu ni tupu kwa wote wawili. Hili linanisumbua kwa sababu kila nikimtetea mzee yule najua namtetea pia mwingine ambaye hastahili kutetewa. Lakini inspekta ukimtuma leo atamkamata nani? Atamkamata mwenye beli 14 chini ya mikeka, hatamfikia mwenye ghala.

Na ule wa 100 ulipokuja ulikuja kidogo, unaisha kabla hujafika mbele ya laini. 2017 ilikuwa hivyohivyo, unga wa 90, supamaketi nyingi zilikuwa zinakupa pakiti mbili tu, na ilikuwa mwaka wa uchaguzi vilevile.

Hebu niwarudishe miezi mitatu nyuma ya huo unga, Aprili 2022, muone ni ugonjwa mmoja. Bei ya petroli ilikuwa imeshikiliwa chini, serikali inawafidia wenye kampuni za mafuta ile tofauti kila mwezi. Pesa ya kufidia ilitoka wapi? Kwenye ile tozo ya maendeleo ya petroli iliyopandishwa Julai 2020 kutoka senti 40 mpaka shilingi 5.40 kwa lita, yaani wewe mwenyewe wa bodaboda ulikuwa unaweka akiba ya kujipunguzia bei. Sawa, hilo lina maana yake, ni kama chama cha kina mama. Lakini pesa za fidia zikachelewa, deni likapanda, na mafuta yakaadimika, sehemu nyingi za nchi watu wakapanga laini usiku kucha huku serikali ikisema mafuta yako ya kutosha. Bei kwenye tangazo ilikuwa nzuri sana. Ulikuwa huwezi kununua kitu nayo.

Kwa hivyo mtu akiniambia serikali itangaze bei, mimi naulizia ile tofauti. Bei ya leo ni 200, umeitaka 100, hiyo 100 nyingine ataitoa nani, na atamlipa nani, siku gani? Atamlipa msagishaji peke yake ama na mwenye beli 14? Kama jibu liko na pesa iko, mimi sina neno, tangazeni, na nitakuwa wa kwanza kwenye laini. Na kama shida ni kwamba watu wawili watatu wameshika biashara yote ya kuingiza bidhaa fulani bandarini na wanajipangia bei wanavyotaka, basi hao ndio wa kufuatwa, kwa sheria ya 2010, kule walipo. Kumfuata kijana wa soda hakutapunguza hata senti moja.

Yule mama nilimlipia hiyo kumi, si kwa sababu alikuwa sahihi, nilitaka kununua dakika mbili anisikilize. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, kama si serikali ni nani atatuonea huruma?" Nikamweleza habari ya sabuni na zile shilingi tano. Hiyo ilimkasirisha kuliko soda.

Mzee wa beli 14 bado niko naye. Zamani alikuwa anaweka unga wa wiki mbili, na wateja wake wa mwisho wa mwezi walikuwa wanajua kwake haukosekani. 2027 ni uchaguzi tena. Nimemuuliza mwaka ukifika ataweka beli ngapi, akaniambia tatu, zikiisha aende tena na tuktuk, na nauli ya tuktuk ataiweka kwenye bei.