Je, wajua bwawa la kuogelea likiwa tupu laweza kung'oka ardhini?

Kila ikitajwa mipango ya kujenga uwanja mkubwa wa michezo wenye bwawa la kuogelea kwa miji kama Malindi, hakosi mtu wa kuuliza, bahari yote hii, bwawa la nini tena? Jibu fupi tu: mtoto anayeanza hafundishwi kwenye mawimbi, mashindano yanataka mita 50 kamili si "kutoka hapa mpaka kwa ile ngalawa", na mto Sabaki ukishusha tope msimu wa mvua unajua vile maji yanakuwa. Swali lenyewe hasa, ambalo injinia ndiye analiwaza na sisi wengine hata hatulifikirii, ni hili: siku bwawa likitolewa maji, litakaa chini?

Maana bwawa tupu laelea, wallahi si mzaha.

Chimba karibu na ufuo wetu huku, huendi mbali ushakutana na maji, mchanga wote ule chini umelowa. Sasa wewe umezika sanduku kubwa la konkriti humo ndani, na maji ya chini yanalisukuma juu muda wote. Ni kama jahazi pale gatini Lamu, likiwa na shehena limezama mpaka karibu na ukingo, likipakuliwa lapanda lenyewe. Shehena ya bwawa ni maji yake.

Hebu tupige hesabu. Bwawa la Olimpiki ni mita 50 kwa 25, tuseme kina mita 2, basi maji yake ni tani 2,500. Slabu ya chini, yaani sakafu yake ya konkriti, ikiwa unene wa sentimita 30 ni kama tani 900, kuta zake tani 200 na kitu, jumla konkriti yote tani 1,100 hivi. Na maji ya chini yakisimama mita 1 tu juu ya kitako cha hiyo slabu, yanasukuma kwa nguvu ya tani 1,250. Umeona? Likijaa hakuna neno, lakini ukilimwaga lipigwe rangi afu bamvua, bahari ikijaa kupita kawaida, ije usiku na mvua za masika juu yake, asubuhi wakuta kona moja imeinuka, sakafu ina ufa, mabomba yamekatika. Na halirudi chini, kwa sababu mchanga ushateleza ukajaa pale palipoachwa wazi.

Dawa zipo. Chini ya slabu wanamwaga kokoto na kulaza mabomba yenye matundu yanayopeleka maji kwenye shimo lenye pampu. Sakafuni wanaweka valvu inayofunguka yenyewe presha ya nje ikizidi ya ndani, bora maji machafu yaingie kuliko bwawa litoke. Wengine wanatanua slabu ipite kuta ili udongo uikalie, ama wanachimba vyuma mpaka kwenye mwamba wa matumbawe. Mimi ningekuwa na usemi ningesema msilizike sana, liinueni mjenge ngazi za kupandia, basi.

Wakati wa kujenga ndio hatari zaidi, shimo liko wazi, konkriti bado haina uzito wa kutosha, pampu zinanguruma usiku na mchana, stima zikipotea na jenereta haina mafuta kazi ya miezi inaharibika. Na si kila mahali unaweza kupampu utakavyo. Kule Shela, vile vilima vya mchanga ndivyo vimebeba maji ya kunywa ya mji wa Lamu, maji matamu yamekaa juu ya ya chumvi, ukiyavuta sana chumvi yapanda kwenye visima vya watu. Kwa hivyo ukiletewa ramani ya uwanja na udongo umepimwa siku moja ya kaskazi, jua kali, ardhi kavu, wewe uliza masika walikuwa wapi.

Na wenye vibwawa vya nyumba za wageni, haya yawahusu pia. Ukitaka kumwaga, ngoja kiangazi na maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo tu, na kabla hujafungua chochote nenda uchungulie kisima cha jirani, kama maji yake yako juu kuliko sakafu ya bwawa lako, acha kwanza.