Korongo taji wa Rwanda: yanayosemwa na yalivyo

Ukitaja korongo taji jijini Kigali, wapo watakaokumbuka wale waliokuwa wakizurura kwenye bustani za hoteli na za wenye nazo, ushungi wa dhahabu kichwani, wageni wakipiga nao picha. Kwa Kinyarwanda huyo ndiye umusambi. Mengi yanayosemwa juu yake na juu ya wanaomlinda yana kasoro, na kasoro kubwa huanzia pale pale bustanini.

Dhana: Aliyemfuga alimpenda, kwa hiyo alimlinda.
Kumpenda sikatai, ni ndege anayehusishwa na utajiri na maisha marefu. Lakini korongo hakai bustanini kwa hiari. Ili asiruke alikatwa manyoya ya bawa, au likavunjwa bawa lenyewe. Manyoya huota tena, bawa lililovunjwa halirudi kuwa lile. Tena akiwa kifungoni ni nadra kuzaa, kwa kuwa hutaka kinamasi chenye majani marefu na mwenzi wa kucheza naye ngoma yake. Basi kila kinda aliyeibwa kiotani alikuwa hasara mara mbili: kinamasi kilimkosa yeye, kikakosa na watoto wake. Na huyu hutaga mayai mawili au matatu tu.

Dhana: Waliokolewa kwa msako.
La. Olivier Nsengimana, daktari wa wanyama aliyewahi kutibu sokwe wa milimani, alianza kazi hii mwaka 2014. Kwa maoni yangu, busara yake kubwa ilikuwa kutambua kwamba mwenye hofu huficha ndege. Matangazo yakapita redioni: mwenye korongo ajitokeze, hataadhibiwa. Simu zikaanza kuingia. Shirika lake, Rwanda Wildlife Conservation Association, likishirikiana na serikali, likawasajili ndege hao, likawapima afya na kuwavisha pete miguuni.

Dhana: Wote walirudi porini.
Laiti. Wenye afya walipelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, wakajizoeza hadi siku ya kuruka. Waliovunjwa mabawa wanaishi Umusambi Village, kinamasi kilichofufuliwa hapo hapo Kigali, chenye hekta 21. Wanatembea, wanajitafutia chakula, ila kuruka ndiyo basi tena.

Dhana: Yumo hadi kwenye bendera ya Uganda, ataishaje?
Bendera haizuii mtu kukausha kinamasi. Tangu 2012 anatambuliwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, Uganda ikiwemo.

Dhana: Idadi imepanda, kazi imekwisha.
Imepanda kweli: hesabu ya nchi nzima ilipata korongo 487 mwaka 2017 na 881 mwaka 2021. Lakini Rwanda ni nchi ya vilima na watu wengi, na mabondeni ndiko kwenye udongo mzuri. Kiota cha korongo nacho kiko huko, chini kabisa katikati ya majani, mahali ambapo mtu aliyekuja kukata majani ya ng'ombe anayafikia mayai kwa kuinama tu. Ndiyo maana kwenye kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa nchi, walinzi ni wenyeji wa papo hapo. Wao wanajua nani hukata majani wapi, na ndio wanaokwenda kuzungumza naye.