Kabla hamjasaini: sanaa, umiliki na pesa ya jamii za pembezoni

Tangu kampeni ya kuhamasisha wasanii wa jamii za pembezoni kurasimisha kazi zao ianze, malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu la hakimiliki yameongezeka sana, na tunayapokea vizuri kabisa maana anayelalamika bado hajakata tamaa. Ila ukizisoma barua zenyewe nyingi zinafanana. Kikundi kimecheza ngoma kikarekodiwa, video ikasambaa kila kona, na waliocheza hawajui hata video ni ya nani. Au akina mama wamesuka miaka na miaka, mnunuzi anabeba kwa bei ya kutupa, afu kesho yake unakuta michoro yao imechapwa kwenye vitambaa vya kiwandani na hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo tumeona tuandike kwa upana kidogo, ingawa tuseme mapema kwamba hii ni elimu ya jumla, sheria za nchi zinatofautiana, na shauri lako wewe litaangaliwa kwa karatasi zako wewe.

Tunachotaka kieleweke ni hiki: sanaa inaingiza pesa, tatizo ni inaishia mfukoni mwa nani. Jamii iliyonyimwa ardhi nzuri, shule na mtaji mara nyingi imebaki na kitu kimoja ambacho soko linakitaka kweli kweli, nacho ni nyimbo zake, michoro yake na ufundi wa mikono yake. Ikipoteza umiliki wa hicho inageuka kibarua kwenye mali yake yenyewe. Matamasha, mafunzo na misaada ni vitu vizuri na hatuvipingi, lakini havijibu swali la umiliki.

Chukua habari ya Solomon Linda, mtunzi Mzulu wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 aliingia studio Johannesburg na kikundi chake wakarekodi Mbube, baadaye akaachia haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukaimbwa upya kwa Kiingereza na wanamuziki kibao, ukaingia hadi kwenye filamu ya katuni iliyoangaliwa dunia nzima, na Linda akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Watu wakisimulia hii habari huishia kwenye huruma. Sisi tunaomba muangalie kilichowasaidia binti zake, kwa sababu ni kifungu cha sheria tu: Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa inatumika kwenye himaya yake, ilisema haki iliyouzwa na mtunzi inarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya yeye kufariki. Mawakili wakakishika hicho, na mwaka 2006 familia ikafikia makubaliano ya kulipwa mirabaha, yaani malipo ya mwenye haki kazi yake inapotumika, ya zamani na ya mbele. Miaka 44 baada ya mwenyewe kuzikwa. Kwa hiyo mkisema "tulishauza basi yameisha", hapana, leteni mkataba tuusome kwanza.

Sasa kuna dhana potofu ambazo tumeshazieleza sana na bado zinarudi kila wiki. Wanaosema "sijasajili kwa hiyo sina haki", sio kweli. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, tangu ulivyorekebishwa mwaka 1908, hakimiliki haisubiri fomu wala muhuri, inazaliwa pale kazi inapotengenezwa, nchi nyingi zinataka tu iwe imeandikwa au imerekodiwa mahali. Kusajili kunakusaidia ushahidi, na kuna nchi inakurahisishia kesi, lakini sio kusajili ndiko kunakokupa haki. Na haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako kwa uchache, nchi nyingi zimeweka 70, maana yake unawaachia watoto mali. Halafu wapo wanaokuja wamekasirika kwamba fulani ameiba "wazo". Wazo halilindwi ndugu zetu. Kinacholindwa ni namna ulivyolitoa, yaani mashairi yenyewe, melodi yenyewe, mchoro wenyewe, na ukija na wazo tupu tutakurudisha nyumbani hata kama tunakuonea huruma. Na ile ya kusema kazi ikishawekwa mtandaoni imekuwa ya wote, tafadhali tuiache kabisa.

Kwenye utamaduni wa jamii nzima ndipo pagumu, na hapa hatuwalaumu wananchi. Ngoma ya mababu haina mtunzi mmoja anayejulikana na umri wake umepita muda wote wa hakimiliki, kwa hiyo sheria ya kawaida inaiona kama haina mwenyewe, na kila mwenye kamera anaichukua kihalali. Huo ni udhaifu wa sheria, ilitungwa ikimuwaza mtunzi mmoja mezani kwake. Zipo njia zilizojaribiwa. Panama mwaka 2000 ilipitisha Sheria namba 20 inayotambua haki za pamoja za watu wa asili, jamii inasajili kupitia mamlaka zake za jadi, bila kulazimika kuwa na wakili, bila ada, na haki haina tarehe ya kuisha. Mola za akina mama Waguna, moja ya jamii hizo za asili, zile nguo za vitambaa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka vikakatwa na kushonwa mpaka umbo litokee, zimo kwenye ulinzi huo. Mwaka 2019 kampuni ya Nike ilipotaka kutoa kiatu chenye michoro ya mola, viongozi wa Waguna walipinga na kiatu kikafutwa. Kwa Afrika kuna Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010 chini ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, ilianza kufanya kazi mwaka 2015, inagusa maarifa ya jadi na sanaa za jadi, lakini inazifunga nchi zilizoridhia tu. Na tafadhali, ule mkataba wa Mei 2024 wa WIPO (shirika la miliki bunifu la Umoja wa Mataifa) ambao watu wanautaja taja kwamba sasa ngoma zetu zimelindwa, unahusu hataza, yaani haki za uvumbuzi, zinazotokana na rasilimali za kijenetiki (kama za mimea na wanyama) na maarifa ya jadi yanayoambatana nazo. Ngoma na nyimbo hazimo. Msijenge kesi juu yake.

Hata pale ambapo sheria haijitoshelezi mahakama inaweza kuangalia mambo kwa jicho la jamii. Australia, kwenye kesi iliyoamuliwa mwaka 1994, wasanii wa Kiaborijini walishitaki waagizaji wa mazuria yaliyotengenezwa Vietnam yakiwa na michoro yao, baadhi ni michoro ya kimila ambayo kuikanyaga tu ni fedheha kwa ukoo mzima. Mahakama haikuhesabu hasara ya mauzo peke yake, ilihesabu na madhara ya kitamaduni, na fidia ikatolewa kwa pamoja ili wao wagawane kwa utaratibu wao. Sisi tunaoshughulika na mambo haya tunairudia hukumu hii mara kwa mara kwa sababu hakimu alikubali kwamba kuna hasara isiyoonekana kwenye daftari la duka.

Bado Australia hiyo hiyo. Mwaka 1977 mchoro mkubwa wa Clifford Possum Tjapaltjarri, mchoraji wa jangwa la kati, uliuzwa kwa dola 1,200 za huko. Mwaka 2007 ulipigwa mnada kwa dola milioni 2.4. Mchoraji alikuwa ameshafariki mwaka 2002, na kati ya zile milioni sheria haikuitengea familia yake hata senti. Habari za aina hii ndizo zilizosukuma sheria ya mwaka 2009, ikaanza kazi Juni 2010, kwamba kazi ikiuzwa tena sokoni kwa dola 1,000 au zaidi msanii analipwa asilimia 5 ya bei, na warithi wake wanaendelea mpaka miaka 70 baada ya kifo. Hapa tueleze vizuri maana ndipo wengi wanapochanganya: kazi iliyokuwa imeshanunuliwa kabla ya sheria kuanza, mauzo yake ya kwanza baada ya hapo hayahesabiki, malipo yanaanza kwenye mauzo yanayofuata, na mtu akimuuzia jirani yake faragha bila dalali wala duka la sanaa huwa hayahesabiki pia. Ufaransa walishakuwa na haki kama hii tangu 1920. Nchi ambazo hazina zingejiuliza kwa nini, maana pesa hii haitoki kwa mlipa kodi, inatoka kwenye bei ya kazi iliyouzwa.

Turudi kwenye karatasi. Mkataba ukiletwa, usianze na kiasi cha pesa. Tafuta kwanza kifungu cha haki zinazotolewa, mara nyingi kiko katikati kwa herufi ndogo na kinasema hivi au karibu na hivi: "haki zote, duniani kote, kwa muda wote, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa." Ukisaini hapo umeuza hata matumizi ambayo hayajagunduliwa bado. Omba maneno matatu yabadilishwe: haki zipi, wapi, mpaka lini. Leseni ya miaka mitatu kwa matumizi yaliyotajwa inamtosha mfanyabiashara mkweli. Akikataa hata kujadili muda, mmeshajua mnashughulika na mtu wa namna gani.

Kwa upande wa muziki kuna haki mbili na watu wanazichanganya kila siku, ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe ambayo mtaani wanaita masta. Prodyuza akishakulipia studio huwa anadai masta, hilo linajadilika, lakini hana haki ya utunzi eti kwa sababu mashine ni zake. Kabla hamjatoka studio, siku hiyo hiyo, jazeni fomu ya mgawanyo: jina kamili la kila mtu kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la kisanii, alichofanya, asilimia yake, jumla ifike 100, kila mmoja asaini na tarehe, kila mmoja aondoke na nakala. Wimbo uliorekodiwa upewe namba ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi hiyo, utunzi usajiliwe kwenye chama cha kukusanya mirabaha, na majina yaandikwe sawasawa kote, maana "Mama Asha Group" huku na "Kikundi cha Mama Asha" kule, mfumo unaona ni watu wawili tofauti na pesa inakaa bila mwenyewe. Muda wa kuidai ukipita, vyama vingi vinazigawa kwa wanachama wengine kwa mujibu wa kanuni zao. Hapo hatuna cha kufanya, na kutupigia simu kwa hasira hakusaidii.

Upande wa adhabu, wanunuzi na wafanyabiashara nao wasome. Marekani wana sheria ya mwaka 1990 ya sanaa na ufundi wa Wahindi Wekundu inayokataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na watu wa makabila yanayotambulika kumbe sio. Adhabu ya juu kwa kosa la kwanza kwa mtu binafsi ni faini ya dola 250,000 au kifungo cha miaka 5 au vyote viwili, na kampuni inaweza kutozwa mpaka dola 1,000,000. Muelewe lakini, sheria hiyo haizuii kuiga mtindo, inazuia kudanganya nani katengeneza. Vikundi vingi vinaweza kufika karibu na hapo bila kusubiri sheria mpya, kwa kusajili alama ya pamoja ya bidhaa zao, ambapo wanachama pekee ndio wanaruhusiwa kuibandika, na anayeighushi anashitakiwa kama anayeghushi nembo ya kampuni yoyote.

Kuna jambo hatupendi kulisema ila lipo. Wakati mwingine anayenyonya yuko ndani ya kikundi. Wanaosuka ni akina mama, anayesaini na mwenye laini ya simu inayopokea malipo ni mwenyekiti ambaye hajui hata kushika sindano. Papunya Tula huko Australia, kampuni iliyoundwa mwaka 1972, inamilikiwa na wachoraji wenyewe, na tunapowashauri watu waunde ushirika huo ndio umbo tunalolifikiria: wenye mikono ndio wenye hisa. Wekeni saini tatu kwenye akaunti, angalau mbili ziwe za wanaofanya kazi yenyewe, na hesabu isomwe kwa sauti kwenye mkutano.

Na majengo pia. Mtaa uliochakaa wasanii wakiuchangamsha, kodi inapanda, na wenyeji ndio wa kwanza kuhama. Houston, Marekani, mradi wa Project Row Houses ulioanza mwaka 1993 kwenye mtaa wa watu weusi ulishika nyumba zenyewe kwanza, nyumba 22 za mbao zilizoachwa, nyingine zikawa za maonyesho na nyingine makazi ya akina mama vijana wanaolea peke yao huku wakisoma. Mnaoomba ruzuku za tamasha ombeni na za kununua ukumbi.

Mkija kuleta lalamiko njooni na hivi: mkataba au ujumbe wowote mliokubaliana, hata sauti ya WhatsApp isifutwe, nakala ya kazi ya awali yenye tarehe, ushahidi wa matumizi mnayoyalalamikia (picha ya skrini ionyeshe anwani na tarehe, sio mmeikata katikati), na muhtasari wa kikao unaosema kikundi kimemtuma nani. Bila muhtasari huo hatuwezi kujua kama unasemea kikundi au unajisemea mwenyewe, na faili litasubiri. Msipost jina la mnayemlalamikia mtandaoni kabla hatujamwandikia, kwani mnaweza mkajikuta nyie ndio mnashitakiwa kwa kashfa. Kupokea lalamiko hakulipiwi, na mtu yeyote akiwadai hela mlangoni muulizeni jina lake na mtuandikie.